Kipambanuzi cha Chalbi

Kipambanuzi, chombo kidogo kinachoruka bila rubani, kiliteremka kimya kimya juu ya jangwa la Chalbi, kikaelea mbele ya pua ya punda wa kwanza. Hakikuhitaji damu. Pumzi moja ilitosha kusoma nasaba nzima ya punda yeyote: huyu punda-mwitu wa Somalia, huyu wa Nubia, huyu punda wa nyumbani, mbeba maji wa watu. Hadi siku ile wataalamu walikuwa wakiwapambanua kwa macho tu, kwa milia ya miguuni na mstari wa begani.

Daktari Talaso Elema, aliyekiunda, alikuwa akitazama kioo cha kompyuta ofisini kwake katika mji wa Marsabit. Punda-mwitu waliobaki duniani kote walikuwa arobaini na mmoja, na wote walikuwa pale Chalbi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepigania sheria moja tu: punda yeyote atakayekutwa na damu ya punda wa nyumbani ndani ya eneo lao achomwe sindano ya sumu, alale moja kwa moja, mbegu ibaki safi. Sheria ilipopita, sindano hiyo akaipachika kwenye kipambanuzi. Wafugaji walipokuja kulalamika, akaondoa hata kitufe cha kukisimamisha. Talaso hakuwa mtu wa kubembelezwa, hata kidogo.

Wa kwanza akasomeka mchanganyiko. Msaidizi wake, Boru, akasema huenda ni punda wa watu aliyetoroka, naye Talaso akakubali. Wa pili akawa mchanganyiko. Wa tano, wa tisa, wa kumi na sita. Kwenye ramani ya kompyuta vidoti vya kijani, kimoja kwa kila punda aliye hai, vilikuwa vikizimika kimoja kimoja.

Talaso akaruka kitini. Akamwamuru Boru akirudishe chombo. Boru akamkumbusha, bila kumtazama usoni, kwamba hakuna njia.

Talaso akampigia simu mama yake, mfugaji wa huko huko Chalbi. Akamuuliza kama punda wao waliwahi kuchanganyika na wale wa porini.

Mama Qabale akacheka. Jamani, hilo nalo la kuuliza! Kila mwaka wanawake huwaachilia majike waende wakapandwe na madume ya porini, maana mtoto wa aina hiyo hubeba maji siku mbili bila kudai tone. Wengine hurudi na mimba, wengine huhamia huko huko. Nyanya yake alifanya hivyo, na nyanya wa nyanya yake.

"Na yule jike wetu wa kijivu," akaongeza, "si wewe uliyemfungua kamba? Ulikuwa na miaka saba. Hakurudi, ukalia wiki nzima."

Talaso alikuwa amesahau kabisa. Sasa aliikumbuka hata ile kamba, ilivyokuwa ngumu vidoleni. Kwenye ramani vilibaki vidoti viwili, kisha kimoja, kisha ramani ikawa tupu.

"Lakini mwanangu," mama akasema taratibu, "niko hapa kisimani, nawaona punda wa porini wamelala juani kundi zima. Mbona hata masikio hayatikisiki?"