Simu Iliyolia Ziwani

Kama hujawahi kugombania nguo ya mtumba siku ya mnada, Babati bado hujaijua. Majaketi yalikuwa yamemwagwa kwenye turubai, muuzaji anaimba bei, watu wameinama kama kuku waliotupiwa mtama. Octavian akavuta mkono wa jaketi moja la kijivu. Mkono ukagoma. Akavuta tena, na safari hii ukavutwa kurudi ulikotoka.

“Kaka, achia.”

“Nimeliona mimi kwanza.”

“Kuona siyo kushika. Mimi nimeshika.”

Alikuwa dada mrefu, gauni la kitenge cha njano na sweta jeusi juu yake, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi. Alikuwa na macho ya mtu anayecheka kabla hajaambiwa kichekesho.

“Unamnunulia nani?” Octavian akauliza.

“Kaka yangu Hilary.”

“Ana mwili gani?”

“Kama trekta.”

“Basi hili litampasukia mgongoni. Mwonee huruma.”

Muuzaji akachoka nao. “Oaneni basi, mlivae kwa zamu. Mnanizibia wateja.”

Watu wakacheka, na dada naye akacheka, na katika kule kucheka akalegeza mkono. Octavian akaondoka na jaketi. Hakuondoka peke yake, maana yule dada alidai soda ya fidia. Jina lake Irine, wa Nangara, ana kibanda cha kushona sare za shule karibu na soko.

Octavian alikuwa mgeni. Alitoka Kasulu, akapata kazi ya kuuza vipuri vya pikipiki, akapanga chumba kimoja huko Singe. Dukani alikuwa mchangamfu, bodaboda wote walimwita mjomba. Lakini jioni alifunga mlango wa chumba chake, akakaanga yai, akala ugali akiangalia ukuta. Majirani walisema kijana ana adabu mno, hata redio hasikilizi. Watu wa mjini wakikusifia ukimya, ujue wanakuhurumia.

Mapenzi yakaja kwa njia ya simu, kama ya vijana wote wa siku hizi.

“Umekula, fundi wangu?”

“Nimekula. Wewe je, mzee wa plagi?”

“Nimekula yai.”

“Tena? Octa, utaanza kutaga.”

Ikafika siku Irine akampeleka kwao. Nyumba ile haikuwa na kona ya kujificha: binamu, wapangaji, watoto wa jirani, na shangazi Benadetha, dada yake baba, mjane aliyejua nani kaachwa na nani kuanzia Nangara mpaka stendi. Baba mwenye nyumba, Mzee Sosthenes, mkulima mwenye koti na kofia yake ya Jumapili, alipokea salamu ya mgeni, kisha akamuuliza swali moja tu.

“Nyuma yako kuna nani, kijana?”

Swali hilo kwa wazee lina maana moja. Siku ukitaka binti, nani atakuja kukaa kwenye benchi la wageni akusemee? Mtu haji kujiposea kama anayenunua kuku.

“Yupo mama, mzee,” Octavian akajibu. “Atakuja.”

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Akawa kila Jumapili baada ya misa anasimama pembeni ya kanisa, simu sikioni. “Shikamoo mama. Hapa wazima wote. Irine anakusalimia.” Irine akisimama mbali kidogo, kwa heshima, akitabasamu. Ukweli ni kwamba mama yake, aliyemlea peke yake bila baba wala ndugu, alikwisha kufa. Octavian alimzika, kesho yake akapanda basi. Alichobaki nacho ni kitochi chake, kile kisimu kidogo chenye tochi, na laini yake. Alikuwa anakiwekea chaji na vocha ili laini isifungwe. Jumapili alipiga kutoka simu yake kubwa, kule chumbani kitochi kikaita juu ya kitanda, naye akaongea na mlio.

Sasa sikia siku yake ya kuzaliwa ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi. Enzi za uhai wake mama alikuwa akimpigia siku hiyo kabla jogoo hajawika, kwa hiyo asubuhi ile Octavian hakuweza kukiacha kitochi nyumbani. Akakitia mfuko wa ndani wa lile jaketi la kijivu. Hajafungua duka vizuri, bajaji ikaegesha mlangoni. Kwenye usukani, Hilary, kaka yake Irine, amejaa kiti chote.

“Panda.”

“Nina kazi, shemeji.”

“Bosi wako ameshaambiwa. Panda, usiulize.”

Kituo cha kwanza kilikuwa zizi la Mzee Sosthenes. Shangazi Benadetha alimkabidhi kibuyu na kumwonyesha ng’ombe.

“Leo unakamua.”

“Shangazi, sijawahi.”

“Ndiyo maana. Mtu akizaliwa hajui kitu, anafundishwa. Kamata, siyo kwa woga hivyo, huyo siyo mchumba.”

Nyumba nzima ilijipanga uani kumtazama. Ng’ombe alimpiga mkia wa uso mara ya kwanza, mara ya pili akamkanyaga kiatu, na maziwa yaliyopatikana yasingetosha chai ya paka. Irine alicheka mpaka akakaa chini. Hapo moyo wa Octavian ulijaa, halafu ukauma. Alijiona kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa na kupewa kiti cha mbele.

Kisha wakateremka ziwani. Walimpakia kwenye boti ya mvuvi kwenda kutazama viboko kwa mbali, yeye na Irine katikati, Hilary ameachwa ufukweni kwa usalama wa boti. Viboko walikuwa wanapumua juu ya maji kama watu waliochoka na maneno.

“Unaogopa?” Irine akamnong’oneza.

“Kiboko simwogopi.”

“Unaogopa nini basi?”

Octavian akatazama maji. “Kwamba leo itaisha.”

“Itaisha vizuri, mpenzi. Subiri tu.”

Ufukweni pale jamaa walikuwa wameshatandika mikeka, nyama ya mbuzi imeiva, keki imekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hilary alikuwa ameshika ndoo nyingine, ya maji, kwa sababu siku ya kuzaliwa bila kumwagiwa maji haijakamilika. Irine akainua simu yake. Alikuwa ameichukua namba ya mama yake Octavian kimyakimya, siku Octavian alipompa simu ampige picha.

“Zawadi ya mwisho,” alisema. “Tunaye hapa mzazi wa huyu kijana. Wote mkae kimya, tumwamkie.”

“Irine, subiri,” Octavian alisema.

Irine alikwisha kupiga, akaweka spika. Simu ikaita. Na kifuani kwa Octavian, ndani ya jaketi, kitochi kikaitika, ule mlio wa zamani wenye kelele, kikaita na kuita mbele za watu, mpaka mtoto mmoja akaonyesha kidole.

Hilary alibaki na ndoo yake, hajui aimwage wapi.

Mzee Sosthenes akasafisha koo. “Kijana. Mama yako anakaa mfukoni?”

Irine alikata simu. Kitochi kikanyamaza. “Kila Jumapili,” alisema taratibu, “ulikuwa unaongea na nani? Hiyo laini ni ya nani, Octa?”

Angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi. Lakini aliangalia ule mkeka uliojaa watu, wa umri wote, wanaofanana mapua, akaona akisema atakuwa amewaambia kwamba nyuma yake hakuna mtu. Akavua kofia ya sherehe waliyomvisha, akaiweka karibu na keki, akashika njia. Alitembea mpaka Singe.

Basi mji ukapata chakula. Sokoni walisema ana mke na watoto Kigoma, ndiye anayempigia. Wengine wakasema hapana, ile laini ni ya mwanamke wa pale pale mjini. Wenye huruma walisema ni mgonjwa. Octavian aliyasikia yote akiwa anahesabu plagi. Irine alipiga, hakupokea. Akapiga tena, akageuza simu kifudifudi. Jioni alikaa chumbani bila hata kukaanga yai. Chumba kilikuwa kilekile, ila sasa alikuwa ameona mkeka uliojaa watu, na kuta zikawa zimesogea.

Jumapili ya wiki iliyofuata hakwenda kanisani. Alikuwa amelala chali wakati kitochi kilipoanza kuita juu ya meza. Alishtuka. Ukiacha siku ile ya ziwani, simu ile tangu mazishi haikuwahi kupigiwa na mtu kwa kutaka kuongea. Aliibonyeza, akaiweka sikioni, akanyamaza.

“Shikamoo mama,” ilisema sauti ya Irine. “Hunifahamu, mama. Mimi ni Irine wa Nangara, nashona sare. Mwanao hapokei simu zangu. Amenikasirikia, au nimemkosea, sijui. Naomba uniombee kwake. Umwambie sikutaka kumwaibisha. Umwambie hata kama ana mwanamke mwingine aje aniambie kwa mdomo wake, nilie niache.”

Octavian aliuma shuka. Machozi yalikuwa yameshapita masikioni.

“Mama amefariki, Irine,” alisema mwishowe. “Kabla sijakuja huku. Hakuna mwanamke. Ni mlio tu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Baba yako aliniuliza nyuma yangu kuna nani.”

“Na wewe?”

“Hakuna. Sina mjomba, sina kaka. Sina hata mtu wa kumtuma.”

Irine alivuta kamasi. “Njoo leo mchana. Usilete mtu. Njoo hivyohivyo ulivyo.”

Akaenda, amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi. Sebule ya Mzee Sosthenes ilikuwa imepangwa kama ya posa: upande mmoja viti vimejaa wenyeji, upande wa pili benchi refu la wageni. Octavian akakaa kwenye benchi, peke yake. Benchi lilikuwa refu kweli.

“Wageni wamefika?” Mzee Sosthenes akauliza, kama desturi inavyotaka.

“Nimefika, mzee.”

“Na wenzako?”

Pale pale shangazi Benadetha akainuka, akajifunga kitenge upya, akavuka sebule na kukaa kando ya Octavian kwa kishindo.

“Sogea, baba. Unaninyima nafasi.”

“Benadetha,” mzee akasema, “wewe ni dada yangu.”

“Ilikuwa jana. Leo nimetoka Kasulu, miguu inaniuma, na mpaka sasa sijapewa hata maji ya kunywa. Hivi ndivyo mnavyopokea wageni?”

Wakacheka, mzee akauma mdomo asicheke. Maji yakaletwa. Mzee akageuka kwa Octavian, na sauti yake ikashuka.

“Mama mzazi wa kijana yuko wapi?”

Shangazi alimgusa Octavian goti.

“Amefariki, mzee,” Octavian alisema. “Anaitwa Rosalia. Nilimzika mwenyewe na majirani, kesho yake nikaondoka.”

“Ulikaa msiba?”

“Hapana.”

“Nani alikupa pole?”

Octavian akafikiri. “Konda wa basi.”

Mzee Sosthenes akavua kofia. Akasimama nayo mkononi.

“Hakuna posa leo,” alisema. “Binti yupo, hatakimbia, na huyu tumeshamwona anarudi. Kwanza tumwombee mama yake. Mama Hilary, weka sufuria kubwa jikoni. Hilary, toa hivi viti, tandika mikeka.”

Akavuka sebule, akampa Octavian mkono kwa mikono miwili. “Pole, mwanangu.”

Nyuma yake akaja mkewe, Mama Hilary, kisha Hilary, kisha binamu, kisha wapangaji na watoto wa jirani ambao hawakujua wanachofanya lakini walijipanga. Pole. Pole sana, kaka. Pole. Octavian alijibu asante, asante, mpaka sauti ikakatika, shangazi Benadetha akaendelea kumjibia.

Irine alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa jiko la msiba.

“Pole, Octa.”

Octavian alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Kasulu, akalia mbele za watu.