Anatutakia Safari Njema

Ndugu zangu wa Ujiji, na ninyi majirani wa Rusimbi mnaonikuta kila asubuhi dukani nikikunja vitambaa, mmesikia mengi kuhusu mguu wa binti yangu. Wengine mmeambiwa aliteleza. Wengine mmeambiwa ni mambo ya vijana, simu mkononi na macho kwingine. Maneno hayo niliyaanzisha mimi mwenyewe. Leo nayafuta, na ninawaomba mnisikilize mpaka mwisho, hata kama mtanichukia kabla sijafika huko.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikuwa Kalinzi, siku ya nne ya matembezi yetu. Klabu yetu ya mazoezi ilikuwa imejipangia njia ya miguu ya siku sita: kutoka Ujiji, kupanda vilima, kushuka ziwani, kisha kurudi nyumbani kwa kufuata ufuko. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Faridi, katibu wa klabu, mtu wa Ujiji asiyechoka kusimulia babu zake waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Kulikuwa na Happiness, nesi aliyehamia huku kutoka Mbeya. Kulikuwa na binti yangu Yusra, miaka kumi na tisa, na mimi Abdulatif. Tulilala kwa mkulima mmoja, tukaamshwa na harufu ya kahawa inayokaangwa. Uani kahawa nyingine ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, na chini kabisa ziwa limetulia. Yusra alikuwa akimchekesha Happiness kwa kuiga namna ninavyokoroma. Siku hiyo nilijiona baba mwenye bahati.

Kilichotusubiri kilikuwa kipande kigumu kuliko vyote, mteremko wa kutoka mgongo wa mlima hadi ziwani. Njia yake ni nyembamba, upande mmoja kilima, upande wa pili korongo. Na wiki ile mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Sasa hapa lazima nisimame niwaambie jambo, maana bila hilo hamtanielewa. Mama yangu, Bi Kuruthumu, ni Muha wa huko huko milimani. Mimi nililelewa na wazazi wake hadi miaka tisa, na Kiha nilikisema kabla ya Kiswahili. Nilipoletwa mjini kusoma, wenzangu darasani walinicheka hadi nikawa naogopa kunyoosha mkono. Nikakitupa Kiha, nikajifunza kuzungumza kama wao. Utoto huo nausamehe. Lakini nilikua, nikaota ndevu, nikaoa, na bado niliona haya. Faridi akisimulia misafara ya babu zake, nami nilisema wazee wetu walikuja nayo hiyo hiyo. Mama akijisahau akamsemesha Yusra kwa Kiha, nilimkata kauli: "Mama, bwana, sema Kiswahili, utamharibia mtoto matamshi." Mwishowe mama akajizoeza kukaa kimya wageni wakija. Nyumba ilikuwa na heshima ya nje, na ndani mwanamke mzee akimeza maneno yake.

Basi, mahali mteremko unapoanzia tulikutana na mwanamke wa makamo, jembe begani. Yusra akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mkubwa wa wote.

"Mwakeye," akanisalimu, halafu akaanza kueleza kwa Kiha, haraka haraka, akionyesha bondeni kwa mkono. Alisema njia imekatika penye mwamba. Alisema kwa juu tutaona majani mazuri tu, lakini chini ya majani hayo hakuna udongo, maji yameuchukua. Tuzunguke kwa upande wa mashamba ya kahawa. Tutachelewa kwa saa mbili, lakini tutafika wote.

Nilielewa kila neno. Hata lafudhi yake ilikuwa ya bibi yangu.

Faridi akacheka. "Huyu mama anasemaje? Mimi hapo nimeambulia salamu tu."

"Mzee Abdulatif, wewe ndiye unaambiwa," Happiness akasema.

Ndugu zangu, ilitosha kusema sentensi moja. Njia imekatika, tuzunguke. Lakini niliuona uso wa Faridi utakavyokuwa, nikasikia swali litakalofuata, kwamba Kiha nimekijulia wapi.

"Nami Kiha nikijulie wapi?" nikasema. "Nadhani anatutakia safari njema."

Nikamwambia yule mama asante sana, kwa Kiswahili, nikaanza kushuka. Akaita tena nyuma yetu. Nikampungia mkono.

Mtaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilijidanganya kwamba watu wa milimani huogopa mvua kupita kiasi. Nilijiambia nitatangulia mimi, na nikipaona pabaya nitasema, "Jamani, hapa hapafai," nitawarudisha, na siri yangu itabaki salama. Huo ndio ulikuwa mpango wangu.

Nilisahau kwamba nina miaka hamsini na mbili na binti yangu ana kumi na tisa. Hatukwenda hata nusu saa, Yusra akanipita kwenye kona.

"Yusra, punguza mwendo!" nikaita.

"Baba, umechoka wewe, sio mimi!"

"Nimesema rudi nyuma yangu!"

"Kwani kuna nini?" akauliza, akageuka kunitazama, akiwa anacheka.

Aliniuliza, na mimi nikamwambia, "Hakuna kitu, kuna utelezi tu." Kila hatua ilinifanya nione vigumu zaidi kusema, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na ule uongo wa kwanza. Tulifika penye mwamba. Majani yalikuwa mabichi, mazuri, kama alivyosema yule mama. Nikafungua mdomo.

Yusra alikuwa ameshakanyaga.

Hakupiga kelele. Ukingo wa njia uliondoka naye, majani na mawe, akashuka mita kama nane hivi, akazuiwa na kisiki. Tulipomfikia, mguu wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Happiness akamshika kichwa, akaniambia nimtafutie kitu cha kufungia. Nikavua shati. Faridi alikuwa juu akitafuta mtandao kwenye simu, na mtandao haukuwepo.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Niliwaita watu wa mashamba ya juu, na maneno yalinitoka kwa Kiha, Kiha safi cha utotoni. Njooni, mtoto ameanguka, leteni miti ya kumbebea. Nikaita hadi sauti ikakauka. Juu yangu Faridi aliishusha simu, akanitazama.

Walikuja wanaume sita na yule mama wa asubuhi. Jina lake ni Honorata. Walikata miti miwili, wakafunga vitenge vya wanawake waliokuwa shambani, ikawa machela. Honorata alipiga magoti kando ya Yusra, akampangusa udongo usoni. Kisha akazungumza Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, ili wasiokijua Kiha waelewe.

"Mimi nilisema. Asubuhi nilisema, njia imekufa. Huyu baba alisikia. Nilimuona macho, alisikia."

Nilitamani ardhi ile ile ipasuke tena, safari hii inichukue mimi.

Yusra alikuwa anatetemeka kwa maumivu, lakini akanishika mkono. "Baba," akasema, "asubuhi ulimwelewa?"

Nikatazama pembeni.

"Baba, nakuuliza. Ulimwelewa?"

"Nilimwelewa," nikasema.

Akauachia mkono wangu. Hakulia mbele yangu tangu hapo, wala njiani walipokuwa wakipokezana kumbeba hadi barabarani, wala ndani ya gari la kahawa lililotushusha mjini.

Hospitali walisema mfupa umevunjika mahali pawili na goti limeumia. Wakamtia vyuma. Yusra anatembea kwa magongo, na daktari hatuahidi kwamba goti litakunjika tena lote.

Mama yangu alikuja wodini siku ya pili. Faridi alikuwa ameshamweleza. Nilisubiri anifokee, maana nilihitaji kufokewa. Alikaa kwenye kiti, akapanga kanga yake magotini.

"Huyo mwanamke aliyemtoa mtoto, ulimshukuru?" akaniuliza.

"Nilimshukuru, mama."

"Kwa lugha gani?"

Pale barabarani, mbele ya Faridi na Happiness, baada ya yote yaliyotokea, nilikuwa nimemwambia Honorata, "Asante sana, mama." Mama aliusoma uso wangu, akageukia kitandani, akaanza kumsemesha Yusra kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida, wodi nzima ikisikia. Yusra hakuelewa hata neno moja. Alimshika bibi yake mkono, akasema, "Rudia, bibi. Polepole." Mimi nikasimama pale mlangoni. Hawakuniita, wala hawakuniambia nitoke.

FUNZO

Kuonea haya lugha ya mama yako si jambo dogo la nyumbani. Mtu akishazoea kuficha alikotoka, siku moja atalazimika kuficha na jambo la kuokoa maisha, na atalificha bila kusita, kwa sababu kuficha ndiko alikokuzoea. Msiwazibe midomo wazee wenu mbele ya wageni. Msiwanyime watoto lugha zao mkidai mnawasitiri. Na anayekupa tahadhari, awe na jembe begani au kalamu mfukoni, mpokee kwa heshima, kisha uwafikishie wenzako alichokisema.

Mimi niliijua lugha, na habari niliisikia. Na aliyetangulia mbele alikuwa mwanangu.