Pazia Lililozidi Dirisha

Pazia lilipepea upande usio na dirisha. Bi Nafuu alikuwa anakunja nguo sebuleni, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya vumbi, akaona kitambaa kinavimba taratibu pale ambapo nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Akajiambia ni macho yake, akaendelea na kazi.

Jina la Nafuu alipewa na majirani, na hakulikataa. Kila mtu hupenda vya bei poa, lakini yeye alizidi. Mapazia hayo ya kijani, mazito, aliyanunua mitumbani bila kupima dirisha, kwa jicho tu. Fundi alipokuja kuyatundika alicheka.

"Mama, pazia hufuata dirisha. Haya yanatosha madirisha mawili. Nikate?"

"Ukate kitambaa kizuri hivi? Weka bomba refu, lifike mpaka konani. Nani atajua kama nyuma kuna ukuta?"

"Watu hawatajua," fundi akasema, akapanda ngazi.

Kusema kweli sebule ilipendeza. Ungedhani ina dirisha kubwa la kitajiri. Aliyeipenda zaidi ni kitindamimba wa Bi Nafuu na mumewe, msichana ambaye bado hajaanza shule, aliyekuwa akijificha nyuma ya pazia na kucheka peke yake. Baadaye ikaanza kutoka huko harufu ya udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha.

"Unaongea na nani?" mama yake alimuuliza adhuhuri moja.

"Na mama wa dirishani. Anasema asante kwa kumwekea dirisha."

 Bi Nafuu akamtoa mtoto kwa mkono. Mumewe aliposikia, alishusha sauti: "Litoe hilo pazia leo."

"Kesho fundi atakuja alikate," alijibu. Kitambaa bado kilimuuma.

Asubuhi yake walikuwa mezani wote wawili waliposikia kicheko cha binti yao nyuma ya pazia, kisha kicheko kingine juu yake, cha mtu mzima, na upepo wa baridi ukatoka ukutani ukamwaga chai, na baba, kwa hofu iliyogeuka hasira, akaruka akalivuta pazia na bomba lake mpaka vyote vikaanguka chini, wakabaki wanatazama ukuta mweupe, mkavu, usio na ufa, wala mtoto.

"Baba," sauti ikatoka ndani ya ukuta, "mbona mmefunga?"

Walibomoa ukuta wakakuta ua wa jirani. Mganga alipoletwa alishika matofali, akanusa vidole vyake.

"Jini huyu hakuvamia. Mlimtundikia pazia, akaona mmemkaribisha. Nimfukuze aende wapi? Ameshakwenda kwao."

"Na mwanangu?" Bi Nafuu alinong'ona.

Mganga alifunga mkoba wake bila kumtazama.

Wakaujenga ukuta upya, wakatundika pazia lilelile, maana tangu swali lile la mtoto, bila pazia hawasikii tena chochote. Bi Nafuu hukaa nyuma yake kutwa, sikio ukutani, majuto yakimla. Humsikia mwanawe akicheza. Jana mtoto alianguka, akalia, akaita, "Mama!"

"Niko hapa, mwanangu," Bi Nafuu akajibu, akipiga ukuta kwa viganja. "Niko hapa."

"Abee, mwanangu," sauti nyingine ikaitika upande wa pili, kwa upole, na mtoto akanyamaza.