Siku Njema ya Hrishikesh

"Kuhani wetu kapiga hesabu. Mwaka huu wote nyota yangu haina siku ya ndoa. Nivumilie, Ketaki."

Ujumbe wa mpenzi wake ulikuwa na wiki moja simuni, na Ketaki alikuwa ameusoma mpaka ameukariri. Baba yake, Damodar, ndiye msoma kalenda ya nyota pale mjini Wai. Macho yalipomfifia, binti akawa anamsomea na kumwandikia. Lakini siku ya ndoa yake mwenyewe alikatazwa na mila kuitafuta.

Asubuhi hiyo aliingia mgeni, Mzee Vasantrao, na boksi la peremende.

"Namwoza binti yangu Sharvari, Damodar. Nitafutie siku."

"Bwana harusi kazaliwa lini?"

Mzee akataja tarehe, kisha akasema, "Mjini Satara, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri."

Kalamu ya Ketaki ikasimama. Saa hiyo aliijua.

"Anaitwa nani, Mzee?"

"Hrishikesh. Kijana mtulivu sana."

"Tafuta, mwanangu," Damodar akahimiza.

Angeweza kusema hakuna siku. Nani angembishia? Akafunua kurasa.

"Ipo, Baba. Jumatano, mwezi wa pili, mwaka huu huu. Mwezi una siku kumi tangu uandame, nyota ni Rohini, ya heri kwa ndoa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita kasoro robo."

"Safi kabisa," baba akasema. "Hata mwanangu ningemchagulia hiyo."

Ketaki akachukua simu, akapiga, akawasha kipaza sauti ili wote wasikie.

"Hrishi, nikumbushe. Kuhani wenu alisemaje?"

"Tena? Mpenzi, nimeshakwambia. Mwaka huu siwezi kuoa."

"Huwezi kumuoa yeyote?"

"Nimuoe nani zaidi yako? Mwakani utakuwa mke wangu."

Vasantrao akainamia simu. "Hrishikesh. Ni mimi, baba yake Sharvari."

Papo hapo simu ikakatwa.

Mzee akalivuta boksi lake la peremende. "Nitamwambia nini binti yangu? Sari ameshaichagua."

"Mwambie ulichosikia," Ketaki akajibu. "Mimi nimekuwa naye miaka mitatu bila wa kuniambia."

Mzee akaondoka bila karatasi ya tarehe. Damodar akapapasa mkekani mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Ulijua ni yeye, na bado ukanisomea kweli."

"Siku haina kosa, Baba."

"Bado unampenda?"

Ketaki akafunga kalenda.

"Ndiyo. Hapo ndipo panaponiuma."