Mke wa Kuombea Viza

Harufu ya udi ilianza jioni ile aliyotoka ubalozini, chumbani kwa mwanamume asiye na mke.

Massamba Ndiaye alikuwa anapiga pasi suruali yake ya kazini ilipompitia puani. Ulikuwa udi mzito, uliolowekwa manukato, ule ambao wanawake wa mji wake wa Rufisque huwafukizia waume zao wanapokaribia kurudi. Akaenda dirishani akidhani ni wa jirani. Nje palikuwa na harufu ya siku zote, ya samaki wa kukaushwa ambao mama yake aliwatandaza juu ya chanja uani. Akasonya, akafunga dirisha, akageuka. Udi ulikuwa unatoka kitandani kwake.

"Mama, nani ameingia chumbani kwangu?"

Mama Ndella alikuwa anageuza samaki kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yamebaki ya kuona vivuli tu. "Nani aingie huko, mwanangu? Hata mimi hunifungulii."

Hilo lilikuwa kweli. Massamba alikuwa karani wa mapokezi katika kampuni ya bima mjini Dakar. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasubiri, na kwa kazi hiyo alipata kiburi ambacho waziri angeona haya kutembea nacho. Kila asubuhi alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, akajimwagia manukato, akapanda treni akiomba Mungu asikutane na mtu wa mtaani kwao, ili asinuke samaki wale wale waliomsomesha. Aliwadharau vijana waliokaa nje kupika chai ya kijani kutwa nzima. Aliidharau kanga ya mama yake yenye magamba. Alitaka jambo moja tu, viza ya utalii ya mwezi mmoja, aende Marseille, Ufaransa, kwa binamu yake, na mwezi ukiisha apotelee huko asionekane tena. Ubalozi ulikuwa umeshamkatalia, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu ile ile. Hana mke, hana mtoto, hana kitu cha kumrudisha. Mama hakuhesabiwa na mtu yeyote, na wa kwanza kutomhesabu alikuwa Massamba mwenyewe.

Ndipo, kabla ya jioni ile ya udi, alipokwenda kwa Ngagne Diop, mpiga picha wa karibu na soko, mtani wake.

"Karibu, mtumwa wangu," Ngagne alimwambia, kama akina Diop wanavyowaambia akina Ndiaye tangu enzi za mababu. "Kwenu wali umekwisha, umekuja kudoea kwangu?"

"Leo sina muda wa utani. Nataka mke."

"Na sura hiyo? Nani akukubali?"

"Mke wa picha, Diop. Wa kuombea viza."

Ngagne alicheka mpaka akashika meza. Kisha akavuta boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akapekua, akatoa moja. Mwanamke wa makamo, amevaa bubu la buluu, lile gauni pana la huko, amekaa wima, mikono mapajani. Pembeni yake palikuwa na kiti kitupu.

"Huyu nani?"

"Wallahi sikumbuki. Wala sikumbuki kumpiga." Ngagne aliigeuza nyuma, hapakuwa na jina. "Lakini ona bahati yako, hata kazi ya kumkata mtu pembeni sina. Kiti kinakungoja wewe. Na useme ana mimba, wale watu wanapenda sana mimba. Mama yako utamsemaje?"

"Mama yangu anahusikaje?"

"Mama mzee, macho mabovu. Watadhani unakwenda kumtafutia pesa za dawa. Mtalii gani ana mama mgonjwa?"

"Basi alishakufa," Massamba akasema, kama anayefukuza nzi.

Massamba akapigwa picha kwa suti yake, akabandikwa kwenye kile kiti. Kilichobaki kilikuwa cheti cha ndoa, na hapo ndipo walipofanya ujinga mkubwa. Kwa watu wa huko ndoa hufungwa msikitini na wanaume baada ya sala ya alasiri. Bibi arusi yuko kwao, hata bwana arusi anaweza kuwa kazini. Wakubwa huongea, kola, zile kokwa chungu za kutafuna, hugawiwa, mambo yamekwisha. Ngagne alisimama kama walii wa mwanamke aitwaye Seynabou Gaye, jina alilolitunga njiani huku anatafuna mkate. Jirani mmoja mstaafu, asiyejua lolote, alisimama upande wa mume. Imamu akauliza kama mwanamke ameridhia.

"Ameridhia," Ngagne akasema.

Kola zikapita mkono kwa mkono, kila aliyekuwepo akachukua yake, imamu akawaombea kizazi, akaandika cheti. Walipokuwa wanavaa viatu, yule mstaafu alisikika akinung'unika kwamba kola zimepungua, hakujua nani amechukua mara mbili. Hakuna aliyemjali, maana mzee yule alikuwa na tabia ya kunung'unika.

Siku ya mahojiano, Massamba alisimama mbele ya kioo cha dirisha la ubalozi kwa suti yake bora. Mwanamke wa upande wa pili hakumtazama. Alikuwa na ile namna ya kuuliza ambayo Massamba mwenyewe aliitumia kazini kwake kila siku, ila sasa ilimchoma.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kutalii."

"Kutalii nini?"

"Makanisa ya kale," alijibu Massamba, ambaye hakuwahi kuingia kanisani hata kujikinga mvua.

"Utakaa muda gani?"

"Mwezi mmoja tu, mama."

"Nani anakungoja huku?"

"Mke wangu. Ni mjamzito."

"Wazazi?"

"Walishafariki wote."

"Kwa hiyo utarudi."

"Naapa nitarudi kwa mke wangu."

Mwanamke akainua macho. Aliitazama picha, akamtazama Massamba, kisha akatazama juu ya bega lake la kushoto, akakunja uso. "Mwambie mkeo angoje nje. Hapa dirishani ni mtu mmoja mmoja."

Massamba akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Jioni hiyo ndipo udi ulipoanza. Baada ya udi zikaja shanga. Mwanamume aliyekulia nchi ile hawezi kukosea mlio wa shanga za kiunoni, na Massamba alizisikia zikipita ukumbini, taratibu, mbele kisha nyuma, zikisimama nje ya mlango wake. Alipofungua hakuona kitu. Asubuhi alikuta samaki wa mama yake wameshageuzwa, maji yameshatekwa, ua umefagiwa.

"Mwanangu, kwa nini umenificha?" Mama Ndella alimwuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Mke umeoa, watu wamekula kola, mimi nasikia kwa mwenyewe?"

"Nani amekwambia?"

"Seynabou. Ana mikono ya baridi yule, lakini ana adabu. Jana amenipaka mafuta miguu. Wewe miguu yangu uliishika lini?"

Massamba alikimbilia nakala ya picha iliyokuwa kabatini. Mikono ya yule mwanamke haikuwa tena mapajani. Mmoja ulikuwa juu ya bega la Massamba wa pichani, vidole vimezama kwenye suti, na bubu la buluu lilikuwa limetuna tumboni.

Alfajiri moja, kabla ya adhana, alihisi godoro limezama upande wa pili, akalala akiwa ameukodolea macho ukuta, akiusikia udi unavyomjaa kooni na shanga zinavyolia kidogo kila kitu kile kilipovuta pumzi, kama kilikuwa kinavuta, akajaribu kusoma Ayatul Kursiy aliyofundishwa utotoni na kuisahau makusudi alipoona ni mambo ya watu wa nyuma, ikamtoka vipande vipande, mwisho mbele na mwanzo kati, mpaka sauti ya mwanamke ikaimalizia kwa niaba yake, vizuri, bila kukosea hata herufi.

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Mkeo."

"Mimi sina mke."

"Nilikuwa sina jina, ukanipa. Nilikuwa sina kwetu, ukanipa. Ukaniapia mbele ya kioo." Akacheka polepole. "Usijichoshe kuogopa, Ndiaye. Sikupendi. Nimeona wanaume, wewe hata kuchukiwa hustahili. Ninachotaka ni nyumba."

Pasipoti ikarudi ikiwa na viza. Massamba alilia kwa furaha chooni kule ofisini, na alipotoka akawaambia watu wasubiri kwa upole ambao hawakuuzoea. Lakini alijua asingeweza kupanda ndege na kile kitu begani. Akavaa miwani ya giza asitambulike, akaenda kwa Bibi Ngoné, mwanamke wa Kilebu, kabila la wavuvi wa pwani ile, anayetoa mapepo kwa ngoma. Alimkuta anamimina maziwa ya mgando juu ya vyungu vya mizimu vya uani.

Bibi Ngoné alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumimina.

"Mimi nafukuza aliyevamia," akasema. "Huyu hakuvamia. Kaolewa."

"Mpigie ngoma, bibi. Nitakupa ng'ombe, nitakupa chochote."

"Ng'ombe wako atanifaa nini? Nenda msikitini baada ya alasiri, wale waliokula kola waambie ulidanganya. Halafu nenda huko dirishani, waambie huna mke, na mama yako mzima. Ukishafanya hivyo njoo, atatoka kabla hata sijashika ngoma."

"Nikisema hivyo watafuta viza."

"Watafuta."

"Wewe bibi unajua viza ni nini?"

"Sijui wala sitaki kujua. Toa kiatu chako kwenye maziwa yangu."

Massamba aliondoka akicheka kwa pua. Mtu mwenye kiti cha ndege akaungame mbele ya wauza samaki, kwa amri ya bibi kizee wa vyungu? Alijisemea kwamba majini ni ya Rufisque, hayavuki bahari. Siku ya safari alipitisha sanduku ukumbini akinyata. Chumba cha mama yake kilikuwa na mwanga, na humo ndani alisikia wanawake wawili wakicheka kwa sauti za chini. Alisimama kidogo. Halafu akatoka bila kuaga.

Huko Marseille hakuona kanisa. Alilala jikoni kwa binamu yake, akafundishwa kuosha vyombo vya mkahawa, akajiona amefika. Lakini kadiri mwezi ulivyokuwa unakwisha udi ulianza kutoka kwenye mto, kisha kwenye povu la vyombo, kisha kwenye mkate aliokuwa anautafuna, na ngazini shanga zikapanda kila jioni ghorofa kwa ghorofa, zikisimama alipo, na binamu yake akaacha kumsalimu, kisha akamwambia kwa kunong'ona, ndugu yangu, huyo mwanamke unayemjibu usingizini sitaki nimjue, lakini mwondoe kwa watoto wangu, na siku ya mwisho ya viza Massamba alitoka kwenda kazini na miguu yake ikakataa njia ya kazini, ikampeleka uwanja wa ndege, yeye analia na watu wanamtazama, mkono wake mwenyewe ukiitoa pasipoti mfukoni. Alikuwa ameapa atarudi kwa mke wake. Alirudi.

Alifika Rufisque mchana, jua kali. Vijana walikuwa wanamimina chai mahali pale pale. Walimtazama kama wanavyotazamwa wageni, wakaendelea kumimina. Akagonga mlango wa kwao.

Ulifunguka upana wa uso. Bubu la buluu. Jua lilikuwa nyuma yake kabisa, lakini uso wake ulikuwa unang'aa mbele, sawasawa pande zote, bila kivuli, kwa ile taa ya studio kwa Ngagne. Hakumtazama.

"Unakuja kufanya nini?" aliuliza.

"Seynabou, nimerudi. Hapa ni kwetu."

"Utakaa muda gani?"

"Nyumba ya baba yangu hii."

"Nani anakujua hapa?"

"Mama yangu."

"Mama yako alishafariki. Ulisema mwenyewe."

Massamba akapiga kelele, akaita mama, mama, kwa sauti ambayo hakuitumia tangu utoto. Ndani kukasikika hatua. Mama Ndella akaja anapapasa ukuta, amenenepa, kanga mpya, na kifuani amemkumbatia mtoto mchanga aliyefunikwa uso.

"Nani huyo, mwanangu?" aliuliza, na aliyemwita mwanangu alikuwa yule mwanamke.

"Mtu tu, mama. Anasema yeye ni Massamba."

"Mama, ni mimi. Shika uso wangu."

Mama Ndella hakunyoosha mkono. Alisogea mlangoni, akainua pua kama alivyozoea tangu macho yalipomwacha, akanusa suti, manukato, sabuni ya Ulaya. Akanusa tena, kwa subira, akitafuta. Kisha akatikisa kichwa, na usoni mwake mkapita huruma ndogo, ile ya kumhurumia mgeni.

"Umepotea nyumba, baba," alisema. "Mtu wa humu ndani hanuki hivyo. Na Massamba wetu huyu hapa, amelala."

Akageuka na mtoto wake, akarudi ndani akipapasa ukuta.

"Ombi limekataliwa," mwanamke alisema. Ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza, kidogo tu, kwa jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Unaweza kuomba tena. Lete mtu wa kukutambua."

Mlango ukafungwa. Uani samaki walikuwa wanageuzwa mmoja mmoja, na ndani ya nyumba mama yake alianza kumbembeleza Massamba kwa wimbo.