Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Foleni ya petroli ya Jinja, asubuhi moja ya mwaka 1975, ilianzia kituoni, ikapinda kona mbili, ikaishia karibu na soko. Na katikati yake, kama mfupa kooni, lilikuwa limekwama gari kuukuu la rangi ya maziwa. Nyuma honi zilipiga kelele. Usukanini alikuwa Zulaika binti Bakhit, mpokeaji simu wa posta, aliyejifunga gurbaba ya manjano, shuka ya Kinubi. Jasho lilikuwa limemtoka. Kiburi hakikuwa kimemtoka.

"Dada, acha kuipiga-piga hiyo pedali," ilisema sauti dirishani. "Unainywesha injini kama mgeni wa harusi."

"Na wewe, nani amekualika harusini?"

"Honi hizi zote. Naitwa Nicanor Odero, fundi. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo hapo, kisha washa."

Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikaitika. Zulaika akamtazama vizuri mtu yule: Mjaluo mrefu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Busia, mikono myeusi kwa grisi, lakini ovaroli yake imepigwa pasi. Hakuwa amepata kuona ovaroli iliyopigwa pasi.

"Asante, bwana fundi."

"Usinishukuru bado. Na klachi yako inalalamika."

Gari lile lilikuwa urithi wa marehemu Bakhit. Kwa Zulaika halikuwa pambo. Mama yake, Mama Sofia, aliishi peke yake Namatala, huko Mbale, na moyo wake ulikuwa dhaifu. Kila mwezi binti alilipakia gari mchele na dawa akaenda kumwona. Mabasi yalikuwa yameadimika kama chumvi.

Basi Odero akawa anafika nyumbani kwa Zulaika, Mpumudde, kila Jumapili, baada ya ibada. Hakuwa mtu wa kuficha ujuzi. Alimfundisha kusikiliza, kunusa na kugusa kabla ya kushika spana. "Injini ikivuma na gari lisiende," alimwambia, "usiilaumu injini. Nguvu ipo, ila haifiki kwenye magurudumu. Hapo tazama klachi."

Tena alikuwa na desturi yake. Kila nati aliyoirekebisha aliichora mstari mwembamba uliovuka nati na bolti, akitumia chupa ya rangi nyekundu ya kucha ambayo Zulaika alikuwa ameiweka kando tangu msiba wa baba yake.

"Mstari ukikatika, ujue nati imesogea yenyewe," alisema. "Mstari ukiwa mzima, nati iko pale pale nilipoiweka mimi."

"Na mimi je, utanichora lini?"

"Wewe, nyar Bakhit," alisema, akimwita binti Bakhit kwa Kijaluo, "hujawahi kukaa mahali nilipokuweka."

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Siku za kazi alimpigia simu posta.

"Posta Jinja. Nikuunganishe na nani?"

"Na wewe, roho yangu."

"Namba hiyo ina shughuli, bwana."

"Nitapanga foleni. Nimezoea."

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, klachi ikaanza kuteleza. Odero akalala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Kisahani cha klachi kimekwisha, alisema. Kingine ameagiza Kisumu. "Litumie hapa mjini tu, mpenzi. Ukilipeleka Mbale litakuachia porini." Zulaika akamwamini, kwa kuwa anayependa huamini kwanza na kuhesabu baadaye. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. "Bado, mpenzi," fundi alijibu, akaketi kunywa chai. Miezi miwili Zulaika hakuuona uso wa mama yake.

Kisha, Alhamisi moja saa tatu asubuhi, taa ya Mbale ikawaka kwenye ubao wake wa simu.

"Zulaika? Ni mimi Khainza, jirani wa mama yako. Anakuita. Njoo leo, mwanangu. Usiseme kesho."

Alivua vipokea sauti, akatoka mbio. Kituoni hakukuwa na basi hata moja. Kwenye karakana walimwambia Odero amekwenda Busia. Akalichukua gari lake hivyo hivyo. Penye mwinuko wa Bugembe injini ikavuma kwa hasira, harufu ya kuungua ikajaa ndani, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu huku malori yakilipita. Akaligeuza, akalirudisha nyumbani akilia.

Alipomaliza kulia, alitandika gunia uani, chini ya gari. Kwanza aliinama mlangoni akaisukuma pedali kwa mkono: haikuwa na mchezo, ule ulegevu wa mwanzo, hata kidogo, imekazwa kama ngoma. Kisha akaingia uvunguni, akaifuata fimbo ya klachi kwa kidole mpaka kwenye nati. Mstari ulikuwapo, mwekundu, mzima. Na kando yake, hafifu, ulionekana mstari wa zamani, uliokatika.

Alibaki ameutazama. Nati haikusogea yenyewe. Mtu aliizungusha, akaikaza hadi klachi isishike, kisha akaichora upya kwa mkono uliotulia. Kisahani hakikuwa na kosa. Kisumu hakikuagizwa kitu.

Alitafuta spana ya baba yake, akailegeza nati kwa mizunguko michache. Pedali ikapata mchezo wake. Saa nane alipanda Bugembe bila shida. Kadiri gari lilivyopanda vizuri ndivyo moyo wake ulivyozidi kuzama.

Alipofika Namatala, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Khainza alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili.

"Amefariki saa saba. Hatukujua kama utaweza kufika, mwanangu. Tumemzika baada ya Alasiri."

"Alisema nini?"

Khainza aliinamisha macho. "Kila gari likipita aliuliza, 'Ndilo hilo?'"

Kesho yake askari wawili walisimama mbele ya nyumba ya matanga. Waliwasha gari, wakasikiliza injini, wakatazamana. "Gari linakwenda vizuri," mmoja alisema. Wakaondoka nalo. Katika miaka ile ya utawala wa kijeshi hapakuwa na mlango wa kwenda kugonga ukauliza.

Siku ya tatu Odero akaja kwa miguu kutoka stendi, shati limepigwa pasi, mkononi kifurushi cha sukari. Alitoa pole kwa adabu. Wanawake wakawapisha.

"Gari liko wapi?" aliuliza taratibu.

"Wamelichukua."

Akafumba macho. "Zulaika, hilo ndilo nililoogopa. Afande Fadhul, yule wa mtaani kwenu, aliniuliza mara mbili kama gari linakwenda. Nikamwambia halifai. Ilinibidi lisifae kweli."

"Ungeniambia."

"Ungeshindwa kuficha. Ungekwenda nalo Mbale, nao wangekuona."

"Fadhul alihamishwa kabla ya mwezi wa tano. Mtaa mzima ulisherehekea." Sauti yake haikupanda. "Wiki zile zilizobaki zilikuwa za nani?"

Odero aligeuza kile kifurushi mikononi. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa, na hapo ukweli ulimshinda.

"Nilianza kwa sababu ya afande," alisema. "Nikaendelea kwa sababu yako. Gari likipona, ningekuja Jumapili kwa kisingizio gani? Wewe Mwislamu, mimi Mkristo, tena mgeni wa nchi. Nilikuwa nasubiri nipate ujasiri wa kumwendea mama yako. Nisamehe. Niolewe nawe— " akajikwaa, akaanza upya. "Nataka kukuoa, Zulaika. Nilikuja kusema hivyo."

Siku nyingine angemcheka kwa kujikwaa kule. Sasa alimtazama, na alikuwa angali anampenda. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ulijua watalichukua," alisema. "Ulikuwa sahihi, na ninakubali. Lakini ningewapa gari mimi mwenyewe, na ufunguo, kwa saa moja tu ya kukaa na mama. Hukuniuliza. Uliniwekea bei ya kitu changu, ukachagua gari."

"Nilichagua wewe."

"Ulichagua Jumapili zako."

Khainza akaingia na kahawa. Zulaika akampa fundi kikombe kwa mkono wake wa kulia, kwa kuwa aliyekuja matangani hanyimwi. Akasubiri mpaka alipokimaliza chote. Kisha akavuta ushungi wake ukamfunika paji la uso.

"Mama Khainza," alisema, "nisaidie kumsindikiza mgeni."