Saa Mbili za Tijuana

Kila siku saa kumi na mbili alfajiri, Nicanora hubandika kahawa jikoni kwake Mérida. Kisha humpigia simu mwanawe Wilberth, aliyehamia Tijuana kutafuta kazi. Wilberth hujibu kwa sauti ya usingizi.

"Amka, mvivu wewe," mama yake humwambia. "Huku kuku wameshashuka mtini."

Siku moja Wilberth alimtumia mama yake tiketi ya ndege. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anabatizwa, na bila bibi ubatizo usingenoga. Nicanora alifurahi mno. Alikunja bembea mpya ya nyuzi, ya kumlazia mjukuu, akaitia kwenye sanduku.

Mumewe, Eleuterio, akavaa miwani na kuisoma tiketi.

"Kwenda unaondoka saa tatu asubuhi, unafika saa tano na nusu," alisema. "Safari fupi. Lakini kurudi unaondoka saa saba mchana, unafika saa moja usiku. Muda wa saa sita! Wamekupa ndege kongwe ya kurudia."

Nicanora akaacha kupanga sanduku. Miguu yake huvimba, na daktari alimkataza kukaa kitako muda mrefu.

"Basi siendi," alisema, machozi yakimlengalenga.

Jirani yao Ligia alikuwa mlangoni, amekuja kuomba ndimu. Zamani alifanya kazi ya kukatisha tiketi kwenye kituo cha mabasi. Aliichukua ile tiketi, akaitazama, akacheka.

"Mzee Eleuterio, ukienda Cancún kwa dada yako, saa yako unaifanyaje?"

"Naisogeza mbele saa moja. Nani asiyejua?"

"Kwa sababu Cancún iko mashariki. Tijuana iko magharibi, mbali sana, kama kilomita elfu tatu kwa ndege. Jua linachelewa kuwafikia. Majira haya ya baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili. Tiketi inaonyesha saa ya mji unaotoka, kisha saa ya mji unaofika. Kwa hiyo kwenda ongeza mbili, kurudi toa mbili."

Nicanora alihesabu kwa vidole. "Kwenda saa nne na nusu. Kurudi nne. Mbona kurudi ni upesi?"

"Upepo unaisukuma ndege kutoka nyuma. Nawe usigande kwenye kiti. Inuka, tembea, kunywa maji. Na umwone daktari kwanza."

Nicanora alihesabu tena kwa vidole.

"Ligia, nikimpigia Wilberth saa kumi na mbili alfajiri, kwake ni saa ngapi?"

"Saa kumi, shoga. Usiku."

"Ndiyo maana," alisema Nicanora. "Nami namwita mvivu."

Eleuterio alicheka hadi miwani ikamdondoka.

Daktari alimruhusu. Ndani ya ndege Nicanora aliinuka mara nyingi, hata abiria mwenzake akamuuliza kama amepoteza kitu. Alifika miguu yake ikiwa mizima, akambeba mjukuu kanisani kwa mikono yake.

"Kwa nini hukuniambia nakuamsha usiku?" alimuuliza Wilberth.

"Nilipenda kuisikia sauti yako, mama."

Siku ya kwanza baada ya kurudi Mérida, alibandika kahawa kama kawaida. Mkono ukamwasha kuichukua simu, lakini akajizuia. Alifagia ua, akawalisha kuku, akangoja hadi saa nne. Ndipo akapiga.

Wilberth alijibu papo hapo, na mtoto alisikika akicheka.

"Amka, mvivu wewe," alisema Wilberth. "Huku kuku wameshashuka mtini."